Nani Anashika Ufunguo

Mtaani Rugenge, nyumba ya Eugène ilijulikana kwa jambo moja: mlango wake haukufungwa usiku. Miaka ile ya vita vya pili, vilivyofuata vile vya tisini na sita, watu wa Uvira, mji wa kando ya ziwa, walijifungia kabla jua halijazama nyuma ya milima. Mmoja alisogeza kabati, mwingine akaegemeza gunia la mchele, na wengine waligongomea mbao kabisa, asubuhi wakatokea dirishani. Eugène aliuacha wake wazi kiasi cha mkono kupita. Alitandika mkeka kizingitini akajilaza hapo, mgongo wake ukiuzuia ubao usifunguke zaidi wala usijifunge.

"Eugène, ulioa mulango weye?" Jean-Marie, fundi wa baiskeli wa ng'ambo ya barabara, alizoea kumtania asubuhi. "Minye sijaona muntu analala karibu na mulango hivi."

"Huyu hanigombezi. Wako je?"

Walicheka, na Jean-Marie akarudi kwenye spana zake. Sababu yenyewe hakuijua. Eugène alikuwa ameeneza mtaani kwamba binti yake, Noella, ana kifua, anahitaji hewa. Aliona heri watu waseme kifua kuliko waseme kichwa, yaani akili. Msichana aliyesemwa ana ugonjwa wa kichwa haposwi, na hakuna shule inayomtaka.

Eugène alikuwa Mfuliiru wa uwanda wa Ruzizi. Ujana wake aliumalizia kwenye kiwanda cha sukari, akipima miwa iliyoletwa kwa matrekta. Kiwanda kilipokufa alilima mpunga. Walipokimbia mara ya kwanza, mwaka wa tisini na sita, mkewe Claire alishikwa na kipindupindu njiani akazikwa kando ya barabara, na mahali penyewe Eugène hakuweza kupaona tena. Alibaki na Noella, na dada yake Pélagie aliyeuza mawese sokoni Kimanga na aliyekuwa na ulimi wa kutosha kwa familia nzima.

Noella alipenda shule, na baba yake akampeleka kwenye shule ya bweni ya wasichana huko uwandani. Tangu askari waanze kupitapita, desturi ya mabweni yale ilikuwa kuwafungia wasichana kwa kufuli, kwa nje, kila jioni. Mtu akija na bunduki, akute chuma, asikute msichana wa kumlazimisha afungue. Wazazi wenyewe ndio walioitaka desturi hiyo. Kwenye mkutano, Eugène alikuwa wa kwanza kuinua mkono kuiunga.

Vita vya pili vilipofika, mzamu, mlinzi wa bweni, alisikia milio akakimbia, ufunguo mfukoni. Wasichana walibaki ndani bila maji, risasi zikiukwaruza ukuta, mpaka wanakijiji walipotoka vichakani wakatoboa tofali kwa majembe. Hakuna aliyeguswa. Watu walimshukuru Mungu, wakasema kufuli ndiyo iliyowaokoa watoto. Huenda ni kweli. Eugène alilifikiria jambo hilo mara nyingi na hakuwahi kuona namna ya kulikana.

Noella alirudi mzima. Alikula, alicheka, alimwigiza shangazi yake akibishana na wanunuzi. Lakini mlango ukifungwa, pumzi zilimkatika, vidole vikakakamaa, naye akaanza kukwaruza ubao kama paka aliyeachwa ghalani. Katika shule aliyomalizia pale mjini aliketi karibu na mlango. Siku moja upepo wa ziwa ulivuma, mwalimu akaufunga, na Noella akaanguka. Eugène alisema ni malaria.

Pélagie alimpeleka kwenye chumba cha maombi. Waliokuwa wakiomba walifunga mlango ili pepo asikimbilie kwa majirani, na kabla ya amina ya kwanza Noella alikuwa amepanda mabega ya mchungaji akatokea dirishani. Tangu siku hiyo, mchungaji yule akimwona Pélagie sokoni anavuka upande wa pili.

Kwa hiyo Noella alipofaulu mtihani wa serikali, nyumba ilifurahi na kuogopa kwa wakati mmoja. Alitaka kuwa muuguzi. Uvira haikuwa na chuo ambacho wangekimudu. Ndipo Pélagie alipokuja mbio kutoka parokiani, hata kitambaa cha kichwa kikiwa kimemlegea.

"Kaka, keti chini usikie. Masere, sista mwenyewe, amekubali! Chuo cha masista, Bukavu. Ukuta mukubwa, vipande vya chupa kule juu, geti ya chuma. Mutoto anasoma, anakula, analala, hakuna askari ataona hata kisigino yake."

"Wanalala namna gani?" Eugène aliuliza.

"Wanalala na macho imefungwa, kama weye na minye!"

"Dada, nakuuliza. Usiku, nani anashika ufunguo?"

Pélagie alikaza kitambaa chake cha kichwa. Alimtazama Noella, aliyekuwa akichambua mchele kwenye ungo karibu na mlango.

"Wazazi wa mji muzima wanatafuta nafasi hii," alisema baadaye, kwa sauti ya chini. "Weye iko unauliza kufuli."

"Minye nitaenda, baba," Noella alisema bila kuinua uso. "Nitazoea."

Alilisema kama mtu anayeahidi kumeza dawa chungu. Eugène alikuwa akiijua sauti hiyo. Claire aliitumia njiani, siku alipokuwa akisema bado anaweza kutembea.

Eugène alikwenda Bukavu mwenyewe kukiona chuo. Alipanda kamyo, lori lililobeba mihogo, akapita vizuizi vya askari, akashuka kila walipoambiwa washuke, akapanda tena. Kwenye miteremko ya Ngomo abiria hawakuongea. Kila mmoja alitazama upande wa korongo na upande wa kichaka, asijue upi utamuua.

Masere aliyempokea aliitwa Marie-Rose, mwanamke mwembamba, mpole, mwenye mkono wa baridi. Alimwonyesha madarasa, jiko, kisha bweni. Vitanda vilikuwa vyeupe, madirisha yana nondo. Mlango ulikuwa wa chuma, na nje yake ilining'inia kufuli kubwa kama ngumi.

"Nani anashika ufunguo?" Eugène aliuliza.

"Mimi mwenyewe, baba. Jioni nafunga, usiku ufunguo unalala chini ya mto wangu." Alimshika mkono akamsogeza karibu na mlango. "Tazama hapa. Mwaka jana walikuja watu wakapiga kwa vitako vya bunduki. Haukufunguka."

Eugène aliweka vidole kwenye mashimo waliyoyabonyeza katika chuma. Yalikuwa mengi, mengine usawa wa kifua chake. Alifikiria wasichana waliokuwa upande wa pili wakiyasikia yakichimbwa, na alijua kwamba Masere alikuwa na haki, na kwamba yeye pia alikuwa na haki, na hilo ndilo lililomtisha.

"Masere," alianza, "binti yangu..."

"Ndiyo, baba. Binti yako ana nini?"

Maneno yote yalikuwa tayari. Alikuwa ameyapanga tangu kizuizi cha Kamanyola. Lakini aliona uso ule mpole ukisubiri, akaiona nafasi ya chuo ikiondoka, akasikia mtaa mzima ukisema kichwa, kichwa.

"Analala sana," alisema.

Masere akacheka. "Basi hapa atafurahi!"

Safari ya kurudi, Eugène alikaa kwenye magunia ya kamyo pamoja na mwalimu mmoja, Bertrand, aliyebeba chaki na dawa kwenye sanduku la mbao. Alifundisha katika chuo kidogo cha wauguzi kule juu, Lemera. Eugène, kwa kuwa swali lilikuwa bado mdomoni, alimwuliza nani anashika ufunguo wa bweni lao.

"Hatuna bweni," Bertrand alisema. "Wanafunzi wanakaa kwa wenyeji. Kila mmoja na mama yake wa kupanga."

"Na vita?"

"Vita iko. Siku ingine iko karibu, siku ingine iko mbali."

Eugène aligeuza uso. Mzazi gani angempandisha mtoto milimani, ambako wenyeji walikuwa wakishuka na magodoro kichwani? Hakuuliza zaidi.

Pélagie ndiye aliyeleta kufuli. Ilikuwa mpya, ya njano, bado ina mafuta. Jean-Marie alikuwa akifunga komeo kwenye mlango wa karakana yake siku hiyo, akakubali kuwafungia jingine kwenye chumba cha Noella, kisichokuwa na dirisha, bila kuuliza la nini.

"Tumuzoeze," Pélagie alisema. "Muchana, kidogo kidogo. Leo muda wa wimbo moja. Kesho mbili. Mwezi ukiisha ataenda Bukavu kama wenzake."

Noella alikubali. Yeye mwenyewe aliingia, akavuta mlango, akasema, "Funga." Eugène alifunga akasimama nje, ufunguo kiganjani. Ndani sauti ikaanza wimbo wa kanisani, nyembamba, inayotetemeka, ikipotea na kurudi. Alipofungua, Noella alikuwa ameloa jasho kama mtu aliyetoka ziwani, lakini anacheka.

"Nimemaliza, baba! Nimefika hadi mwisho!"

Siku zilizofuata aliongeza ubeti, kisha wimbo mzima. Pélagie alinunua mikeke, samaki wa ziwani, wakala kama sikukuu. Eugène alianza kuwaza Bukavu bila kukosa usingizi. Kwa mara ya kwanza tangu vita vianze, aliwaza kwamba huenda mambo yanarekebishika.

Ilikuwa adhuhuri, Pélagie yuko sokoni, Noella yuko ndani akiimba wimbo wa pili, milio ilipoanza upande wa mtaa wa Mulongwe. Mwanzoni ilikuwa michache, kisha ikaungana kama mvua juu ya mabati. Barabara ilijaa mara moja. Wanawake walikimbia na mabeseni, mtu akivuta mbuzi, mtu akiwa na kiatu kimoja. Jean-Marie alivuka akamkamata Eugène mkono.

"Unangoja nini? Wanakuja! Kimbia!"

Na Eugène akakimbia.

Hakuamua. Miguu ilikuwa imejifunza kazi hiyo miaka mingi, ikaifanya. Alikimbia na watu, akaruka mtaro, akapita uchochoro wa wauza mkaa, mpaka korongo la mto ambako wote walijitupa nyuma ya mawe. Alilala kifudifudi akihema. Kisha akahisi kitu kikimchoma kiganja. Alifungua mkono akauona ufunguo.

Jean-Marie, aliyelala kando yake, alisimulia baadaye kwamba Eugène hakupiga kelele. Alitoa sauti ndogo tu, kama mtu aliyepigwa tumboni, akasimama.

"Unaenda wapi? Eugène! Watakuua!"

Alirudi akipingana na watu. Walimgonga, walimtukana, mwanamke mmoja alimwambia ana wazimu. Risasi zilipita juu zikivunja matawi. Kila hatua alisikiliza kama bado kuna mtu anayeimba, na alijua ni upuuzi, hawezi kusikia kutoka kule. Hata hivyo alisikiliza. Akilini alimwona mzamu yule wa bweni, ambaye hakuwahi kukutana naye, na ambaye kwa miaka yote hii alimlaani kila alipotandika mkeka. Sasa alijua uzito wa ufunguo ule mfukoni mwake. Haukuwa na uzito wowote. Ndiyo maana mtu anaweza kukimbia nao.

Nyumba ilikuwa kimya.

"Noella. Ni minye. Ni baba."

Ufunguo ulikataa kuingia. Aliushika kwa mikono miwili. Kufuli ilipofunguka, mlango haukusogea, kwa sababu kulikuwa na kitu kinauzuia kwa ndani. Alisukuma polepole, akiogopa kitakachoonekana.

Noella alikuwa amekaa sakafuni, ameuegemea. Alikuwa amechimba udongo chini ya ubao, shimo la kupitisha mkono, na vidole vyake vilivuja damu. Macho yalikuwa wazi lakini hayakumtazama mtu. Eugène alikaa naye kwenye kizingiti, mlango wazi kabisa, milio ikiendelea upande wa Mulongwe, wala hakuwaza tena kwamba mtu mwenye bunduki angeweza kutokea barabarani.

Milio ilipokwisha, Jean-Marie alifika. Alisimama akatazama shimo, vidole, kufuli iliyolala chini. Alileta maji kwenye kopo, kisha akaenda kwake akarudi na koleo, akapiga magoti akaling'oa lile komeo alilolifunga mwenyewe, msumari mmoja mmoja, akaondoka nalo.

Noella alisema siku ya pili yake, asubuhi, akiwa amekaa uani na uji mbele yake.

"Nilikusikia ukienda."

"Nilirudi," Eugène alisema.

"Niko najua. Nilikusikia pia." Alikoroga uji bila kunywa. "Baba, si chumba ninaogopa. Nikifunga mulango mwenyewe, labda nitaweza. Naogopa kufuli ikikaa upande ule."

Pélagie, aliyekuwa amerudi salama kutoka sokoni, alipoambiwa kwamba safari ya Bukavu haipo tena, na kwamba Eugène anaifikiria Lemera, alipiga mapaja kwa mikono yote miwili.

"Milimani! Kule wanatoka maiti, weye unapeleka mutoto! Masista iko na ukuta. Kule iko nini? Migomba?"

"Najua."

"Weye iko na akili kweli?"

"Sijui, dada. Minye naogopa."

Pélagie alikaa kwenye ndoo ya mawese iliyopinduliwa. Alikuwa amejiandaa kubishana na ukaidi, na sasa hakuona wa kubishana naye.

"Na minye," alisema.

Waliacha barabara kubwa ya uwanda wakapanda kwa miguu, baba na binti, wakipokezana sanduku. Njia ilipanda kwenye mashamba ya mihogo, kisha ya maharage. Walikutana na watu wanaoshuka, na kila kundi Eugène alilisalimu na kuuliza habari za juu. Mmoja alisema kuko shwari. Mwingine alisema kijiji cha jirani kimechomwa. Noella alitembea mbele, na mara mbili Eugène alitaka kumwita warudi.

Bertrand aliwapokea chini ya ukumbi wa chuo. Safari hii Eugène hakuongea habari ya usingizi. Noella alimruhusu kwa kuinamisha kichwa, naye akaeleza yote: bweni, mzamu, malaria ya uongo, kufuli ya njano, na yeye mwenyewe korongoni. Alitazama chini muda wote, akingoja kuambiwa wachukue sanduku lao.

Bertrand alimgeukia Noella. "Darasani unapenda kukaa wapi?"

"Karibu na mlango."

"Kiti hicho ni chako. Upepo ukivuma, tutavaa masweta." Kisha akamwambia Eugène, "Baba, sitakudanganya. Hapa hakuna ukuta. Tukisikia milio, tunakimbia wote, kila muntu na miguu yake. Huenda siku moja utajuta. Na wengine hapa wako kama yeye. Mmoja hawezi kuvumilia sauti ya sufuria ikianguka. Tunajuana, tunaambiana. Ni hayo tu tuko nayo."

Hayo tu. Eugène alitazama vilima vilivyozunguka, kijani, kimya, kila kimoja kikiweza kuficha watu. Mashimo ya mlango wa Bukavu yalimrudia vidoleni.

Mama wa kupanga aliitwa Libérate, mjane wa makamo aliyelima maharage nyuma ya nyumba. Chumba kilikuwa kidogo, kitanda cha miti, dirisha la kutosha mtu kupita. Eugène alikagua mlango, ubao mnene wa mti wa mlimani, akatafuta nje mahali pa kufuli. Hapakuwa na kitu.

"Mama, mulango huu unafungwa na nini?"

"Na ile." Libérate alionyesha gogo lililoegemezwa ukutani, kwa ndani. "Unalaza hapa na hapa. Nani atakufungia kwa nje, weye ni kuku?"

Noella alilishika gogo. Alilipima mikononi, akaliweka kwenye vishikio vyake, akaliondoa, akaliweka tena. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Baba, toka nje."

"Noella..."

"Toka kidogo."

Alitoka. Mlango ulifungwa, na alisikia gogo likilala mahali pake, mti juu ya mti. Alisimama karibu hadi pua yake ikaugusa ubao, akingoja pumzi za Noella kukatika, akingoja kucha zikwaruze. Libérate alikuwa amekuja kusimama kando yake, mikono kiunoni, bila kuelewa na bila kuuliza. Mbali chini, uwandani, kitu kilinguruma. Huenda ni radi. Eugène alikaza masikio na hakuweza kutofautisha.

"Baba?"

"Niko hapa."

"Uko upande ule?"

"Niko upande huu. Fungua ukitaka."

Alihesabu pumzi zake mwenyewe akapoteza hesabu.

"Bado sitaki," Noella alisema, na sauti yake ilitetemeka, lakini ilikuwa sauti yake. "Wewe shuka. Giza lisikukute njiani."

Gogo lilikuwa bado mahali pake alipoanza kuteremka. Kila kona aligeuka. Alikuwa amempeleka mtoto wake mahali ambapo anaweza kulala, na hakujua kama ni mahali ambapo atabaki hai. Alitembea na mambo hayo mawili hadi uwandani, na hakuna hata moja lililokuwa jepesi kuliko jingine.

Rugenge sasa hakukuwa na mtu wa kuachiwa mlango wazi. Angeweza kusogeza kabati kama wengine. Lakini Jean-Marie, akifungua karakana asubuhi, aliuona mlango wa jirani wazi kiasi cha mkono kupita, na mkeka kizingitini, na Eugène juu yake, uso umeelekea upande wa milima.

Tangu siku ya komeo alikuwa hajatania. Alifuta mikono kwa kitambaa, akavuka barabara.

"Eugène. Ungali naye, huyu mulango?"

"Ningali naye," Eugène alisema, akikunja mkeka. "Mpaka mutoto arudi."